Dawa Isiyosamehe Tone la Maji

Kichwa cha Winifrida kilianza kumgonga saa nne za asubuhi, kila siku ya Mungu isipokuwa Jumamosi na Jumapili, na mtu yeyote mwenye akili timamu angejua mapema kwamba kichwa kinachofuata kalenda ya kazi si kichwa cha kawaida. Lakini Winifrida alikuwa Mhaya wa Bukoba, mkaidi wa kuzaliwa, akameza vidonge miaka miwili mizima huku akisingizia baridi, miwani, kwaya ya kanisani na, siku akiwa na hasira, mumewe Ludovick. Mwishowe daktari wa wafanyakazi akamwambia bila kuzunguka: ni zailini inayokuumiza, na ikifika mwisho wa mwezi wa tatu sitaki kusikia kwamba bado unaivuta.

Hiyo zailini ni dawa ya majimaji inayonuka kama mlango uliopakwa rangi ya mafuta leo asubuhi. Kinyama cha mgonjwa kikipelekwa maabara ili daktari akione kwa hadubini, hutolewa maji kwa spiriti, kikaingizwa kwenye zailini, kikagandishwa ndani ya nta, ndipo kikatwe vipande vyembamba kuliko utando wa kitunguu. Vipande vikishabandikwa kwenye slaidi na kupakwa rangi, vinapita tena kwenye spiriti na zailini ili ving'ae, kisha vinafunikwa kwa kioo. Winifrida alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, katika hospitali moja ya kusini mwa Stockholm, na tuseme ukweli, hapakuwa na mkono kama wake. Figo iliyokuwa ikiwashinda wenzake aliikata kwa utulivu wa mtu anayemenya ndizi. Alikuwa akipigiwa simu hata siku za likizo.

Sasa, kama zailini ingebaki, yeye angeondoka. Barua ya daktari huyo ilisema hivyo waziwazi. Angehamishiwa kwenye dirisha la mapokezi, akabandike namba kwenye vikopo mpaka astaafu. Wengine wangeona ni nafuu, kazi ya kukaa. Yeye alilia chooni, akanawa uso, akaenda kugonga mlango wa Gunnel, mkuu wa kitengo.

Gunnel alikuwa mama wa miaka sitini, mwenye maneno machache na soksi za sufu alizojifumia mwenyewe. Akamsikiliza hadi mwisho. Akasema kuna dawa nyingine, iliyosafishwa hata ikaondolewa ile sumu inayopanda kichwani, na haina harufu ya kumtaabisha mtu. Maabara nyingine zimeanza kuitumia. Atampa meza moja ya kupakia rangi na wiki nne za majaribio. Slaidi zikitoka safi, chumba kizima kitahama. Zikitoka vibaya, basi.

"Na msaidizi?" Winifrida akauliza.

"Mchukue Olive."

Olive alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mwenye mkataba wa miezi sita tu. Alizaliwa Uvira, akaletwa Sweden akiwa na miaka mitano, akakulia Spånga, upande wa pili wa Stockholm. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni kwao, kimechanganyika na Kifaransa cha mama yake, na akikwama alikimbilia Kiswidi. Winifrida, ambaye watoto wake mwenyewe walikuwa wakimjibu Kiswidi hata wakiulizwa kama wameshiba, alimpenda mara moja, akaamua kumnyoosha. Mimi na wewe, alimwambia, kwenye meza hii ni Kiswahili mwanzo mwisho. Akamfundisha na shikamoo, kitu ambacho kwao Olive hawana. Binti akawa anaitoa kila asubuhi huku amejiinamia kidogo, na Winifrida akijibu marahaba alijisikia raha mpaka vidoleni.

Kazi waligawana hivi. Jioni Olive aliosha vyombo vya kioo, akavipanga kwenye kabati la kukaushia. Alfajiri Winifrida, aliyefika wa kwanza kwa treni ya chini ya ardhi kutoka nyumbani kwake Fittja, alivitoa na kuvijaza: vitatu spiriti, viwili vya mwisho ile dawa mpya. Olive akija na treni yake wanaanza kupaka rangi.

Siku ya tatu balaa likaanza. Dokta Östen, mtazamaji wa hadubini, alikuja na trei ya slaidi mkononi na uso wa mtu aliyekuta nywele kwenye supu. Zilikuwa na ukungu. Si zote, lakini kiasi cha kutosha; juu ya kile kinyama palikuwa na weupe kama maji yaliyooshewa mchele, na chini yake huwezi kutofautisha seli na seli. Siku ya nne zikawa afadhali. Ya tano zikaharibika tena. Dokta Östen hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na wagonjwa wanaosubiri majibu ya saratani, na kusubiri slaidi ipakwe rangi upya si jambo dogo kwa mtu asiyelala kwa hofu. Winifrida alilijua hilo, na ndilo lililomchoma zaidi.

Wiki ya pili Dokta Östen akainua chombo cha dawa mpya kuelekea mwanga wa dirisha, akaonyesha kwa kalamu. Chini kabisa, vimekaa kitako, palikuwa na vitone viwili vitatu vya maji. Dawa mpya haichanganyiki na maji hata kidogo. Zailini nayo haiyapendi, lakini miaka yote ilikuwa ikivumilia tone moja mawili, kazi ikaenda. Hii mpya ilikuwa na roho ngumu: tone likiingia, slaidi inakuwa tui.

"Vyombo havijakauka," akasema Dokta Östen. "Njia isiyoweza kuhimili uzembe wa mkono mmoja, kwangu mimi si njia."

Mkono upi? Winifrida hakuhitaji kuambiwa. Anayeosha ni nani? Anayekausha ni nani? Akamgeukia Olive, akamwuliza kwa Kiswahili, kwa upole, kama kweli anaviacha kabatini usiku kucha. Olive akasema ndiyo, Mama Wini, naviacha. Wiki ile ile slaidi nyingine kumi na nne zikaharibika, na upole ukamwisha. Kumbuka mwenzangu, alikuwa amebakiwa na siku kumi na mbili, na dirisha la mapokezi lilikuwa linamwita kwa jina. Mtu aliyebanwa namna hiyo hutafuta pa kuegemea, na mara nyingi huegemea aliye mdogo.

Basi wakati wa kahawa ya saa tatu na nusu, watu wote tisa wa kitengo wameizunguka meza, Winifrida akasema kwa Kiswidi safi:

"Tatizo si dawa. Dawa ni nzuri. Tatizo ni kwamba Olive hakaushi vyombo."

Olive alikuwa ameshika keki ya mdalasini, akairudisha kwenye sahani. Akamwangalia Winifrida.

"Navikausha," akasema kwa sauti ndogo, na zaidi ya hapo hakusema kitu.

Ule ukimya Winifrida aliuchukua kama kukiri. Alasiri akajaza fomu ya kasoro, ile wanayoijaza jambo likienda kombo, akaandika jina la binti kwa herufi zake nzuri za kimisheni. Gunnel akaisoma, akamwita Olive ofisini kwake, akamwambia mkataba wake unaoisha mwezi huo hawezi kuahidi kuuongeza. Na kwa Winifrida naye akatoa neno la mwisho: hatungoji wiki nne ziishe, Jumatatu ijayo ndiyo siku ya kupima. Jumanne tunakaa kikao. Slaidi za Jumatatu zikiwa na ukungu, zailini inarudi kwenye meza yako, na wewe unahama.

Jumamosi Olive akaja Fittja.

Ludovick ndiye aliyefungua mlango, akiwa na aproni, maana siku ya mapumziko yeye ndiye mpishi na hakuna anayeruhusiwa kukaribia matoke yake. "Mama, una mgeni," akaita, "na amebeba maandazi, kwa hiyo mimi nimeshamkaribisha." Olive alikuwa amesimama ukumbini, theluji ya mwisho wa Machi inayeyuka kwenye viatu vyake, mfuko mkononi. Maandazi ya mama yake, Léontine. Akatoa shikamoo. Winifrida alijibu kwa wasiwasi, maana mtu uliyemwandikia fomu ya kumfukuzisha kazi humtegemei mlangoni na maandazi.

"Nakuja kuomba pardon, Mama Wini," Olive akasema walipoketi. "Mama alisema nisikae na mtu mzima mwenye kunikasirikia. Alisema niende kwake."

Winifrida akalainika. Akajiambia, huyu ana malezi, heri amekiri, nitamwombea kwa Gunnel. Akainuka kuandaa chai, akiwa tayari amesamehe, na hakuna raha inayozidi ile ya kumsamehe mtu jikoni kwako mwenyewe. Akachukua vikombe kabatini, vyeupe, vikavu, akavipitisha kimojakimoja chini ya bomba, akavikung'uta, akamimina.

"Mama," Olive akasema. "Kwa nini unavisuuza? Si vilikuwa safi?"

Winifrida akacheka. "Nyie mliokulia huku! Mgeni hapewi kikombe cha kabatini hivihivi. Unakisuuza mbele yake, ajue umemheshimu. Mama yako hafanyi?"

"Anafanya. Hata kama kikombe kiko kikavu?"

"Hata kama."

"Na chombo kingine? Si cha chai?"

"Kila chombo, mwanangu. Wala hufikirii. Mkono unakwenda wenyewe."

Olive akaitikia kwa kichwa. Akanywa chai yake polepole, akala andazi moja, akamsikiliza Ludovick akijisifia matoke. Akaaga kwa adabu zote, akaenda zake kituoni.

Winifrida akarudi kwenye sinki. Ludovick alitaka chai naye, kwa hiyo akachukua kikombe cha tatu, kikavu, na mkono ukaenda bombani. Ukasimama hapohapo. Maji yalikuwa yanatiririka juu ya vidole vyake na yeye anavitazama, na kwa mara ya kwanza aliiona asubuhi yake ya kila siku: chumba kitupu, taa zinazojiwasha, kabati linafunguliwa, chombo kikavu kinatoka, kinapita chini ya bomba, kinakung'utwa mara mbili, kinamiminiwa dawa. Kila asubuhi. Vyote vitano. Yeye mwenyewe.

"Vipi, chai inataka barua?" Ludovick akauliza.

"Ni mimi," akasema Winifrida. "Ludo, ni mimi ninayetia maji."

Akamweleza yote, amekaa sakafuni mgongo kwenye kabati, kama mtoto. Ludovick, ambaye kwa kawaida ana mzaha hata msibani, hakufanya mzaha. Akazima jiko, akakaa naye.

Jumapili kanisani hakusikia mahubiri. Akilini mwake kulikuwa na sauti mbili zinabishana, na moja ilikuwa na hoja nzuri sana. Ilisema: kesho usisuuze, basi. Slaidi zitatoka safi, utabaki kwenye meza yako, kichwa kitapona, na hakuna atakayejua. Olive ni kijana, ana Kiswidi alichokulia nacho, maabara zimejaa. Wewe una miaka hamsini na moja. Sauti ya pili haikuwa na hoja yoyote. Ilikuwa inamwonyesha tu ile keki ikirudishwa kwenye sahani.

Jumatatu alfajiri alivitoa vyombo. Mara tatu mkono ulielekea bombani na mara tatu aliurudisha, na mara ya tatu ilibidi aushike kwa mkono wa pili. Jasho jembamba lilimtoka kwa kazi ya kumimina dawa kwenye chombo kikavu, kazi ambayo mtoto wa shule angeiweza. Slaidi arobaini zilipita siku ile. Saa nane mchana Dokta Östen akaja mwenyewe, si kwa uso wa supu. Akasema hajaona kingo za seli zilizokatika vizuri hivi tangu aanze kazi hapa, na akauliza kama wanaweza kuendelea vivyo hivyo.

Jumanne kwenye kikao Gunnel akafungua daftari lake. Majaribio yamefaulu. Chumba kizima kitaanza kuhama baada ya Pasaka. Winifrida ndiye atakayeandika mwongozo wa kazi, na jina lake litakuwa juu yake. Watu wakagonga meza kwa vifundo vya vidole, namna yao ya kupongeza.

"Na inaelekea Olive hatimaye amejifunza kukausha," Gunnel akaongeza, na akageuza ukurasa.

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, jamani, umefunguliwa wazi na mtu mwingine. Winifrida hakuhitaji hata kusema uongo. Alihitaji kunyamaza tu, na ukurasa ungegeuka. Kichwa hakikuwa kinamuuma. Saa ilikuwa nne na robo na kichwa hakikuwa kinamuuma, na aliitaka meza yake kama alivyowahi kutaka vitu vichache sana maishani.

"Olive alikuwa anakausha tangu siku ya kwanza," akasema. "Maji niliyatia mimi. Ninasuuza vyombo kabla ya kuvijaza. Kwetu tunasuuza kila kitu kabla ya kumpa mtu. Sikujua kama ninafanya. Ile fomu niliyoandika naiondoa, na nitaandika nyingine yenye jina langu."

Gunnel akaweka kalamu chini. "Umekuwa hapa miaka kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Wagonjwa thelathini na wanane walisubiri majibu."

"Najua. Nimewahesabu."

Dokta Östen akatazama dirishani. Gunnel akaishika tena kalamu yake. Kisha akasema kwamba dawa mpya inabaki, kwa kuwa dawa haina kosa, na Winifrida atabaki kwenye kukata na kupaka rangi, kwa kuwa mkono wake unahitajika. Ila vyombo hatavigusa tena. Mwongozo utaandikwa na Olive, kwa jina la Olive, na kwa hiyo mkataba wake hauna budi kuongezwa. Akaandika, akapiga mstari, akaendelea na ajenda ya friji.

Walikutana kwenye chumba cha kuoshea baada ya kikao. Olive alikuwa anavaa glavu. Winifrida alisimama mlangoni akitafuta pa kuanzia, akiwa na hotuba nzima aliyoitunga tangu Jumapili.

"Mimi nilikuona," Olive akasema kabla yake.

"Uliniona wapi?"

"Jumatatu ile ya wiki ya pili. Nilikuja na treni ya kwanza. Ulikuwa unavisuuza, mgongo umenipa, unaimba."

Winifrida akaingia ndani. "Ulijua kabla sijakusema mbele ya watu? Na ukanyamaza mpaka nikakuandika?"

Olive akajibu kwa Kiswidi, haraka, kama mtu anayetua mzigo: kwa Kiswidi ningekuambia palepale, ningesema Winifrida, acha, unatia maji, na ingekwisha kwa dakika moja. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, na hapo maneno yakaanza kuja moja moja.

"Lakini ulisema hapa ni Kiswahili. Na mu Kiswahili wewe ni mama. Siku ile kwenye kahawa, ningefungua mdomo niseme si mimi, ni yeye, mbele ya watu wote? Nilifika nyumbani nikamwuliza Mama: mtu anamwambiaje mama kwamba ni yeye mwenye kukosea? Akasema, humwambii. Unaenda kwake. Unabeba kitu. Unakaa, unakunywa chai yake, unamwuliza."

Winifrida akatafuta kiti, hapakuwa na kiti, akaegemea sinki. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Ile Jumamosi alidhani anasamehe, kumbe alikuwa anaambiwa. Binti wa watu alikuwa amesafiri kutoka Spånga mpaka Fittja, na kazi yake imeshikiliwa kwa uzi, ili amwambie kosa lake bila kumvunjia heshima jikoni kwake mwenyewe, na kama Winifrida asingeelewa, binti angeondoka vilevile, kimya, na kupoteza kila kitu.

Hotuba yote ilimtoka kichwani.

"Nisamehe, Olive," akasema kwa Kiswahili. Kisha, kwa kuwa alimshtaki kwa Kiswidi, akamwomba tena kwa Kiswidi, na akaenda naye kwenye chumba cha kahawa, walipokuwa wamekaa wale wengine saba, akamwomba mara ya tatu mbele yao.